Upanga wa Mtume Paulo

Kila mwaka, siku ya 29 ya mwezi wa sita, Wakatoliki wa dunia yote hufanya sikukuu ya Mitume wawili, Petro na Paulo. Watoto wa Kilibula wanalijua vema jina la Paulo, kwa maana kanisa kuu la Askofu, mjini Uvira, linaitwa kanisa la Mtakatifu Paulo.

Mtoto akipata picha ya Mitume hao wawili, aitazame vizuri. Ataona wanaume wawili wamesimama pamoja. Mmoja ana nywele fupi nyeupe na ndevu za mviringo, naye ameshika funguo. Huyo ni Petro. Mwingine ana kipara na ndevu ndefu. Mkono mmoja umeshika kitabu, na mkono wa pili umeshika upanga mrefu. Huyo ni Paulo.

Habari ya funguo ni rahisi. Bwana Yezu alimwahidi Petro kwamba atampa funguo za ufalme wa mbinguni, basi wachoraji wakazitia mkononi mwake. Habari ya kitabu nayo ni rahisi, kwa kuwa Paulo aliandika barua ambazo husomwa kanisani hata leo. Lakini upanga je? Paulo alikuwa askari? Aliua watu? Mbona mtu wa Mungu anasimama kanisani na silaha?

Swali hilo ni jema. Watu wa Uvira, na wa vijiji vya kando ya Ziwa Tanganika, wameona vita vingi. Wanajua kazi ya silaha. Basi yafaa watoto wao wafahamu upanga huo ni wa nani, na jinsi ulivyofika mkononi mwa Mtume.

1. Sauli wa Tarso

Paulo alizaliwa Tarso, mji wa nchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa kabila la Benyamini, na jina lake la Kiyahudi lilikuwa Sauli. Paulo ni jina lake la Kirumi. Tena tangu kuzaliwa alikuwa raia wa Roma. Neno hilo likumbukwe, kwa maana litahitajiwa mwishoni.

Alijifunza ufundi wa kushona hema. Tena alisoma Sheria ya Musa huko Yeruzalemu, kwa mwalimu mkubwa jina lake Gamalieli. Sauli alikuwa mwanafunzi mwenye bidii kuliko wenziwe wengi. Lakini bidii yake ilikuwa kali. Aliwachukia wafuasi wa Yezu, kwa kuwa alidhani wanaharibu dini ya wazee wake.

Siku moja watu walimkamata Stefano, mtu mwema aliyekuwa akigawia wajane chakula. Walimtoa nje ya mji, wakampiga kwa mawe hata akafa. Wenye kupiga walivua mavazi yao, wakayaweka miguuni pa kijana mmoja ayalinde. Kijana huyo ndiye Sauli. Maandiko hayasemi kwamba alitupa jiwe, lakini yanasema kwamba alikubali Stefano auawe.

Baada ya hapo Sauli aliingia nyumba kwa nyumba. Aliwakokota wanaume na wanawake, akawatia gerezani. Kama mchoraji angalimchora siku zile, angaliweza kweli kumpa silaha ya kutisha watu. Lakini huo siyo upanga tunaouona katika picha.

2. Njia ya Damasko

Sauli alisikia kwamba wafuasi wa Yezu wako hata Damasko, mji wa mbali, upande wa kaskazini. Akaomba barua kwa Kuhani Mkuu, apate ruhusa ya kuwafunga na kuwaleta Yeruzalemu. Akashika njia pamoja na watu wake.

Alipokaribia mji, ghafula mwanga ukatoka mbinguni ukamzunguka. Sauli akaanguka chini. Akasikia sauti ikimwita kwa jina mara mbili, ikimwuliza kwa nini anamtesa. Sauli akauliza ni nani anayesema. Akajibiwa kwamba ni Yezu, yule ambaye yeye anamtesa. Angalieni jambo hili: Sauli alikuwa akiwatesa watu wa Yezu, lakini Yezu alisema kwamba anateswa yeye mwenyewe.

Sauli aliinuka, akafumbua macho, asione kitu. Ikawa lazima kumshika mkono na kumwongoza kama mtoto mdogo. Alikaa Damasko siku tatu bila kuona, bila kula, bila kunywa.

Katika mji huo alikaa Mkristu mmoja jina lake Anania. Bwana alimwambia aende katika njia iitwayo Nyofu, akamtafute Sauli. Anania aliogopa, na kuogopa kwake si ajabu. Alikwisha kusikia mabaya aliyowatendea Wakristu wa Yeruzalemu. Hata hivyo alikwenda. Alipoingia nyumbani akamwekea Sauli mikono, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa kumwita ndugu. Mara vitu kama magamba vikaanguka kutoka machoni pa Sauli, akaona tena. Kisha akabatizwa.

Sauli alianza kuhubiri kwamba Yezu ni Mwana wa Mungu. Watu wakastaajabu, na baadaye wengine wakakasirika, wakalinda milango ya mji usiku na mchana wapate kumwua. Ndipo wanafunzi wakamtia ndani ya kapu kubwa, wakamshusha usiku nje ya ukuta. Alikuwa amekwenda Damasko kufunga watu, naye akatoka humo amefichwa ndani ya kapu.

3. Farasi asiyemo katika Maandiko

Wachoraji wa Ulaya walipenda sana habari ya njia ya Damasko. Picha moja yenye sifa kubwa imo katika kanisa la Santa Maria del Popolo, mjini Roma. Mchoraji wake ni Caravaggio, Mwitalia, naye aliianza kazi hiyo mwaka 1600. Katika picha hiyo kuna giza kila upande. Sauli amelala chali, amenyosha mikono juu. Juu yake amesimama farasi mkubwa, ameinua mguu mmoja kana kwamba anaogopa kumkanyaga.

Watu wengi wameona picha kama hizo, hata wakasadiki kwamba Sauli alianguka kutoka juu ya farasi. Lakini kitabu cha Matendo ya Mitume kinaleta habari hiyo mara tatu, katika sura ya 9, ya 22 na ya 26, wala hakitaji farasi hata mara moja. Kinasema tu kwamba Sauli alianguka chini, na kwamba wenzake walimshika mkono wakaingia naye mjini.

Je, mchoraji alidanganya? Hapana. Mchoraji hana maneno. Ana mikono na rangi tu. Alitaka kuonyesha kwamba mtu aliyejiona mkubwa ameshushwa. Siku za zamani mtu mkubwa alipanda farasi, basi akamchora ameanguka chini ya miguu ya mnyama wake. Lakini mtoto mwenye akili hutazama picha, kisha husoma Maandiko, apate kujua lipi limeandikwa na lipi limeongezwa na fundi.

4. Safari na mateso

Paulo alisafiri miaka mingi, kwa miguu na kwa merikebu. Alihubiri katika kisiwa cha Kipro, katika miji ya Uturuki ya leo, na katika nchi ya Ugiriki. Rafiki zake njiani walikuwa Barnaba, Sila, Timoteo na Luka. Huko Korinto alikaa kwa Akwila na Priskila, mume na mke, nao walikuwa mafundi wa hema kama yeye. Mchana alishona, akapata chakula chake kwa jasho lake, asiwalemee watu.

Yule aliyewatesa wengine sasa akateswa yeye. Katika barua yake ya pili kwa Wakorinto alihesabu mateso yake. Mara tano alipigwa mijeledi 39. Mara tatu alipigwa fimbo. Mara moja alipigwa kwa mawe, kama Stefano, lakini hakufa. Mara tatu merikebu ilivunjika naye akiwamo. Katika habari hizo zote hakuna mahali palipoandikwa kwamba Paulo alirudisha pigo.

Mwishowe walimkamata Yeruzalemu, wakamfunga miaka miwili katika mji wa Kaisaria. Yeye, kwa kuwa ni raia wa Roma, alidai ahukumiwe na Kaisari mwenyewe. Basi wakampeleka Roma kwa merikebu, karibu na mwaka 60. Ndani ya merikebu walikuwamo watu 276.

Wavuvi wa Uvira wanaotoka usiku na taa zao kutafuta ndagala wanajua jinsi ziwa linavyogeuka upepo mkali ukishuka. Tufani ya Paulo ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Mabaharia wakatupa mizigo majini. Wote walikata tamaa ya kuokoka. Lakini Paulo, aliyekuwa mfungwa, aliwatia moyo askari na mabaharia, akawaambia kwamba hatapotea hata mtu mmoja. Usiku wa kumi na nne akawasihi wale chakula wapate nguvu. Asubuhi merikebu ikakwama mchangani na kuvunjika. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao, na wote 276 wakafika nchi kavu salama. Nchi hiyo ni kisiwa cha Malta.

Watu wa kisiwa waliwapokea vizuri, wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo alipokuwa akitia kuni, nyoka akatoka akamshika mkono. Paulo akamkung'utia motoni, asidhurike. Katika kanisa kuu la Canterbury, nchi ya Uingereza, ukutani mna picha ya Paulo na nyoka huyo, nayo ina umri wa miaka 800 na zaidi. Fundi aliyeichora hakuiona Malta, wala hakumwona Paulo. Alisikia Maandiko yakisomwa, akachora aliyoyasikia.

5. Upanga

Kitabu cha Matendo kinaishia Roma. Kinasema kwamba Paulo alikaa huko miaka miwili katika nyumba ya kupanga, akilindwa na askari, akiwapokea wote waliokuja kumsikiliza. Habari ya kifo chake haimo katika kitabu hicho.

Mapokeo ya Kanisa ndiyo yanayoleta mwisho wa habari. Mwaka 64 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Roma, na Kaisari Nero akawasingizia Wakristu. Wengi waliuawa. Siku za Nero huyo Petro na Paulo waliuawa pia. Petro alisulibiwa. Lakini Paulo, kama tulivyosoma, alikuwa raia wa Roma, na raia wa Roma hakusulibiwa. Basi alikatwa kichwa kwa upanga, nje ya mji.

Wakristu walimzika kando ya njia iendayo Ostia. Juu ya kaburi hilo, katika karne ya nne, Kaisari Konstantino alijenga kanisa. Baadaye likajengwa kubwa zaidi. Mwaka 1823 liliungua, likajengwa tena, na Papa Pio wa 9 akalibariki mwaka 1854. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 alitangaza kwamba wataalamu wamepima vipande vidogo vya mifupa vilivyomo kaburini, wakaona ni vya mtu aliyeishi katika karne ya kwanza au ya pili.

Mwaka huohuo wa 2009, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Tekla, huko Roma, mafundi waliokuwa wakisafisha kuta waliona uso umechorwa. Ni uso mwembamba wenye kipara na ndevu nyeusi zilizochongoka. Ni Paulo, kama alivyochorwa katika karne ya nne. Katika picha za kale namna hiyo Paulo hana upanga. Mara nyingi ameshika kitabu cha kukunja. Wachoraji na wachongaji walizoea kumpa upanga baadaye sana, katika karne za kati. Leo, mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, sanamu kubwa ya Paulo iko na upanga mkononi. Iliwekwa hapo mwaka 1847.

Sasa jibu linaonekana. Upanga ule si wa Paulo. Ni upanga wa yule aliyemwua. Ni desturi ya mafundi kumpa shahidi kile kilichomtoa uhai. Andrea huchorwa na msalaba wenye umbo la X. Bartolomayo hushika kisu, kwa kuwa wazee walisema alichunwa ngozi. Stefano huwa na mawe. Mtu asiyejua atasema Bartolomayo ni mchinjaji na Paulo ni askari. Mwenye kujua atasema: kwa kitu hiki walimwua, naye hakuiacha imani.

Upanga una maana ya pili tena. Katika barua kwa Waefeso, Neno la Mungu linafananishwa na upanga. Ndiyo maana kitabu na upanga vimo katika mikono miwili ya mtu mmoja.

6. Baraka na Fizi

Habari hii haikwisha zamani huko Roma. Ukitoka Uvira na kufuata Ziwa upande wa kusini, utafika Baraka. Ukipanda milimani kutoka hapo, utafika Fizi.

Mwaka 1964 nchi ya Kongo ilikuwa katika vita vya Wasimba. Jimbo la Uvira lilikuwa changa, kwa kuwa lilianzishwa mwaka 1962. Humo walifanya kazi Wasaveri, wamisionari kutoka Italia. Wangeweza kukimbia, lakini hawakupenda kuwaacha Wakristu wao peke yao.

Siku ya 28 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka ule wa 1964, watu wenye silaha walifika misioni ya Baraka. Wakamwua Furere Vittorio Faccin kwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha watu. Alipotoka waliamuru apande gari lao. Alikataa, akapiga magoti karibu na mwenzake aliyekufa, akauawa hapo. Siku ileile jioni waliwaua huko Fizi Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Padri Joubert hakutoka ng'ambo. Alizaliwa mwaka 1908 kandokando ya Ziwa hilihili la Tanganika. Baba yake alikuwa Mfaransa, na mama yake Mwafrika.

Siku ya 18 ya mwezi wa nane, mwaka 2024, watu wengi walikusanyika Uvira. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa amri ya Papa Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri.

Wanne hao hawakushika silaha, kama vile Paulo hakushika upanga. Waliouawa ndio wanaokumbukwa kwa heshima, na sala husaliwa kwa majina yao.

Lakini tusisahau na kijana Sauli, aliyelinda mavazi ya wauaji. Katika nchi yenye vita wako vijana wengi kama yeye, waliofuata wenye nguvu wakidhani wanatenda mema. Mungu hakumkatia tamaa Sauli. Alimtafutia Anania, mtu mwoga, aende amwite ndugu. Bila Anania, Sauli angalikaa gizani katika nyumba ile ya Damasko.

Basi mtoto wa Kilibula akiona tena picha ya mzee mwenye kipara, mwenye kitabu na upanga, amweleze mdogo wake habari yake. Amwambie kwamba upanga ule ulimkata Paulo, wala haukuweza kukata neno alilolihubiri.

Maswali

1. Sauli alifanya nini siku Stefano alipouawa?
2. Kwa nini Anania aliogopa kwenda kwa Sauli? Alimwitaje alipomwona?
3. Ni kitu gani kimo katika picha ya Caravaggio, wala hakimo katika Maandiko?
4. Watu wangapi walikuwamo katika merikebu iliyovunjika Malta? Wangapi waliokoka?
5. Kwa nini Paulo hakusulibiwa kama Petro?
6. Mtu akikuambia kwamba Paulo alikuwa askari kwa sababu ana upanga, utamjibu nini?
7. Taja majina ya Wenyeheri wanne wa Baraka na Fizi.